Sukari ya asubuhi 12, ya jioni 7, na dawa anameza: tatizo liko wapi?

#1 MhudumuTandahimba – Jumapili, saa 1:40 usiku

Habari wakuu. Naomba tusaidiane.

Mzee wa miaka 63, kisukari aina ya pili, mwaka wa nne sasa. Dawa zake ni metformini ya miligramu 500, 1x2, na glibenklamidi ya miligramu 5, 1x2. Ameandikiwa kliniki na kadi anayo. Familia imenunua mashine na kuandika namba za siku saba. Asubuhi kabla ya kula: 11.8, 12.4, 10.9, 13.1, 11.2, 12.7, 11.9. Jioni kabla ya kula: 7.4, 8.0, 6.9, 7.7, 5.8, 7.2, 7.9.

Yaani analala sukari nzuri, akiamka imepanda, na usiku hali kitu. Mwanawe mkubwa anataka kumwongezea glibenklamidi ya tatu wakati wa kulala kwa maelezo kwamba ya jioni haimtoshi. Nimemzuia kwa sasa. Tarehe ya kliniki ni wiki tatu zijazo. Kinachopandisha sukari usiku ni nini, na hicho kidonge cha tatu ni sawa?

#2 NesiKaskazi – saa 1:58 usiku

Kidonge cha tatu hapana. Hilo kwanza, mengine yafuate.

Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe kala au hajala, na kazi yake inaweza kufika saa 24. Akimeza wakati wa kulala bila chakula, sukari inashuka saa 8 au saa 9 usiku nyumba nzima imelala. Nani ataliona jasho? Nani ataona anatetemeka au anaongea ovyo? Na figo zikiwa zimechoka, dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Halafu miaka 63. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka angalizo kwamba glibenklamidi haifai kwa aliyevuka miaka 60. Iliyowekwa pale kutoka kundi hilo ni gliklazidi. Sisemi aache leo, maana kuacha ghafla bila mbadala nako ni kosa. Nasema tarehe ya kliniki isogezwe mbele.

#3 Mzee wa Msimbati – saa 2:20 usiku

Mimi naona jambo moja. Huyu sukari inamshuka usiku, mwili unashtuka, ini linamwaga sukari kujiokoa, asubuhi mnakuta 12. Mkemia Michael Somogyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi St. Louis kule Marekani, alilieleza hili tangu miaka ya 1930. Mkimwongezea glibenklamidi mtamshusha zaidi, na asubuhi mtaikuta 15. Mwulizeni: ndoto mbaya anaota? Shuka linaloa jasho? Anaamka na kichwa kizito?

#4 Bint Mikindani – saa 2:47 usiku

Shikamoo Mzee wa Msimbati. Hiyo inawezekana, ila mimi naanzia kwenye dozi.

Metformini 500 mara mbili ni gramu moja kwa siku. Kwa wengi hicho ni kiwango cha kuanzia. Kawaida daktari huanza na 500, akaongeza 500 kila baada ya wiki moja kadiri tumbo linavyovumilia, hadi 2000 kwa siku kama figo ni nzima. Na kazi kubwa ya metformini ni kulizuia ini lisitengeneze sukari, hasa usiku. Alfajiri, kuanzia kama saa 9 usiku hadi saa 2 asubuhi, homoni za kumwamsha mtu zinapanda, kotisoli mojawapo, na ini linaachia sukari. Asiye na kisukari kongosho lake linajibu. Mwenye kisukari anaamka na 12 bila kula hata punje. Kwa hiyo kama kuna cha kuongezwa, daktari ataitazama metformini ya usiku kabla ya kufikiria glibenklamidi.

Lakini kabla ya yote: hesabuni vidonge. Msimwulize kama anameza, kila mtu atajibu ndiyo. Chukueni tarehe aliyopewa, idadi aliyopewa, mtoe. Alipewa metformini 60 za 1x2, siku 15 zimepita: ziwe zimebaki 30. Zikiwa 40, mnajua.

#5 Maabara Kusini – saa 3:05 usiku

Na mashine je? Watu wanajadili ini na homoni, hakuna aliyeuliza stripu za kupimia zinakaa wapi.

Huku kwetu pwani hewa ina unyevu mwaka mzima. Kopo la stripu lina kikausha unyevu ndani. Ukiliacha wazi, au ukizihamishia kwenye kijifuko cha plastiki, stripu zinaharibika kabla ya tarehe ya kwenye kopo na namba zinakuwa za kubahatisha. Pili, mikono. Msimu huu wa mabibo, mtu ameshika bibo asubuhi, hajanawa, tone la damu linachanganyika na utamu wa kidoleni. Inaweza kusoma 12 wakati ya kweli ni 8. Anawe kwa maji na sabuni, akaushe vizuri, atoboe ubavuni mwa kidole, tone la kwanza alifute, apime la pili.

Tatu, hata mashine nzima ina ruhusa ya kukosea. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini sukari ikiwa zaidi ya 5.6. Kwa hiyo 11.8 yenu inaweza kuwa 10, inaweza kuwa 13.5. Msibishane juu ya 11.2 na 11.9, hiyo ni namba moja.

#6 Makopa – saa 3:31 usiku

Wakuu, someni tena namba za #1. Ya jioni imepimwa kabla ya kula. Kisha mzee anakula, analala, anapimwa asubuhi. "Analala sukari nzuri" imetoka wapi? Sukari ya kulalia hakuna aliyeipima!

Anakula nini na saa ngapi? Ugali wa muhogo wa makopa, au ming'oko, akila saa 4 usiku na kulala saa 4 na nusu, wanga wote unaingia akiwa kitandani. Ugali unaozidi ngumi yake, mboga kidogo, samaki kipande: hiyo pekee inatosha kueleza 12 ya asubuhi bila kumtafuta Somogyi.

#7 Pwani ya Lindi – Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Makopa umesoma vizuri, umetuamsha.

Mzee wa Msimbati, kwa heshima: maelezo ya Somogyi yamepingwa sana tangu vije vipimo vinavyosoma sukari usiku kucha. Imeonekana mara nyingi kwamba sukari ikishuka usiku, asubuhi nayo huamka chini, sio juu. Haina maana sukari haishuki usiku. Kwa glibenklamidi inashuka sana tu, na ndicho cha kuogopa. Ila tusiichukulie 12 ya asubuhi kuwa ushahidi kwamba ilishuka.

Njia ya kujua ni moja. Siku tatu, zisiwe mfululizo kama mzee anachoka, apimwe mara nne: kabla ya chakula cha jioni, masaa mawili baada ya kula, saa 9 usiku, na akiamka. Andikeni pembeni alikula nini na alimeza nini. Saa 9 ikiwa chini ya 3.9, dawa inamzidi. Ikiwa 7 kisha asubuhi 12, ni alfajiri. Ikiwa tayari 13 masaa mawili baada ya kula na haishuki, ni chakula au dawa ya jioni.

#8 MhudumuTandahimba – saa 8:15 mchana

Ahsanteni sana. Nimepita nyumbani kwake, majibu haya hapa.

Alipewa 60 na 60, siku 15 zimepita. Glibenklamidi zimebaki 30 kamili. Metformini zimebaki 41. Nilipomwuliza taratibu akasema ya usiku inamchafua tumbo, anaamka kwenda chooni mara tatu, kwa hiyo "anaipumzisha".

Chakula cha jioni saa 3 na nusu hadi saa 4. Ugali wa makopa, kunde, wakati mwingine samaki. Stripu zinakaa kwenye kopo lake ila kopo liko dirishani. Jasho usiku anasema lipo, lakini joto la mwezi huu nani halimtoi jasho?

#9 Bint Mikindani – saa 8:40 mchana

Siku 15, vidonge 11 havikumezwa. Basi usiku ini lake halina mlinzi. Mimi naona tumepata jibu.

Kuhusu tumbo: anameza kabla ya kula au baada? Metformini ya kawaida imezwe katikati ya chakula au mara tu baada ya tonge la mwisho. Akimeza tumbo tupu, kuharisha na kichefuchefu ni kawaida. Isipotulia kwa wiki mbili tatu, daktari anaweza kumbadilishia ile inayoachia dawa polepole, ambayo humezwa mara moja na chakula cha usiku. Hiyo haivunjwi, haitafunwi, haisagwi; ukiivunja inamwaga dozi yote kwa pamoja. Akiona kitu kama ganda la kidonge chooni asiogope, dawa imeshatoka, limebaki ganda.

Na zile 11 asizifidie. Dozi iliyopita imepita. Ameisahau ya usiku, ameze ya asubuhi kama kawaida, asimeze mbili.

#10 Mzee wa Msimbati – saa 9:02 alasiri

Binti yangu, "tumepata jibu" mapema mno. Siku 4 kati ya 15 alimeza zote. Hizo siku 4 asubuhi ilikuwa ngapi? Namba zote saba ziko juu ya 10.

#11 Chumvi ya Mtwara – saa 9:30 alasiri

Naongeza la bahasha, maana linaumiza wengi. 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. 2x1 ni viwili kwa mara moja. Wapo wanaoisoma 1x2 kama "moja asubuhi, mbili jioni". Mwenye kugawa dawa aandike kwa maneno: kimoja asubuhi baada ya kula, kimoja usiku baada ya kula.

Lingine ni dawa moja kwa majina mawili. Daonil ni glibenklamidi. Glucophage ni metformini. Halafu kuna vidonge vyenye zote mbili ndani, 5 na 500 pamoja. Mtu anapewa hivyo kliniki, dukani ananunua Daonil "ya kuongezea", kumbe amekunywa glibenklamidi mara mbili. Ukienda kliniki beba mfuko wa dawa zote, zilizokwisha na za zamani, sio kadi peke yake.

Na mimi naona mlonge na habasoda vinasaidia kupunguza hizi kemikali. Mzee aongezewe.

#12 Bint Mikindani – saa 10:10 alasiri

Chumvi, sehemu mbili za kwanza nakupigia makofi. Ya tatu tugombane kidogo.

Habasoda na mlonge vinaweza kushusha sukari, sikatai. Tatizo ni hapo hapo: juu ya glibenklamidi unaongeza kitu kingine kinachoshusha, bila kipimo, kijiko cha leo si sawa na cha jana. Akitaka kutumia, daktari ajue, na vipimo viongezwe. Hilo neno "kemikali" nalo: metformini asili yake ni mmea, *Galega officinalis*, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Tofauti ni kwamba hii imepimwa, kila kidonge kina miligramu zilizoandikwa.

Zipo pia dawa za hospitali za kuangalia. Septrin, siprofloksasini na flukonazoli zinaweza kuipa nguvu glibenklamidi hadi sukari ishuke. Prednisoloni inapandisha. Propranololi inaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, inabaki jasho peke yake kama dalili. Na anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku. Hili la mwisho asilijibu mtu hapa, amwambie daktari wake faragha.

#13 Mvuvi wa Kilwa – saa 11:20 jioni

Samahani kwa kuingilia. Kwa wanaofunga Ramadhani, hizi 1x2 zinakaaje?

#14 Pwani ya Lindi – saa 12:05 jioni

Swali zuri, ila liende kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, sio siku ya kuonekana kwa mwezi. Wengine hawafai kufunga kabisa: wenye figo mbovu, wanaoshukiwa sukari mara kwa mara, wajawazito wanaotumia insulini.

Kwa anayeruhusiwa, metformini 1x2 huwa futari na daku bila kubadili dozi. Iliyokuwa 1x3, ya mchana huunganishwa na ya futari. Gliklazidi ya mara moja huhamia futari. Ya mara mbili, ya futari hubaki na ya daku hupunguzwa, mara nyingi nusu, kama sukari yake ilikuwa imetulia. Glibenklamidi hubadilishwa kabla ya mwezi. Daku isiachwe, na isogezwe karibu na alfajiri.

Apime mchana. Kutoboa kidole hakuvunji swaumu. Ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata kama imebaki robo saa magharibi iingie.

#15 Njia ya Liwale – saa 1:15 usiku

Nami niulize: insulini ile ya maziwamaziwa, kijijini hakuna friji. Mtungi unafaa?

#16 NesiKaskazi – saa 1:50 usiku

Unafaa, kwa masharti. Chupa isiyofunguliwa mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo chupa za akiba ziachwe kituoni kwenye friji, nyumbani ibaki moja inayotumika. Hiyo ikikaa chini ya nyuzi 30 hudumu takribani wiki nne. Karatasi ya ndani ya boksi inasema siku zake, na siku ya kuifungua iandikwe kwenye chupa. Weka chupa kwenye mfuko usiopitisha maji, mfuko ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Maji yakikauka ubaridi unaisha. Huko Liwale na Nachingwea kiangazi chungu kinapooza vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Mtwara mjini au Kilwa wakati wa mvua maji hayakauki upesi, kwa hiyo upoaji ni mdogo; usitegemee sawa. Na isigande: insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka.

Ile nyeupe izungushwe viganjani taratibu hadi iwe sawa yote. Mabonge yakibaki au ikigandamana ukutani mwa chupa, acha.

Angalia bomba pia. Insulini zetu ni uniti 100 kwa mililita, na bomba liwe la uniti 100. Ukipata la zamani la uniti 40, ukivuta mpaka alama ya 20 umevuta nusu mililita, yaani uniti 50. Hiyo inaua.

#17 Makopa – saa 2:12 usiku

Tumetoka Tandahimba tumefika Liwale kupitia Kilwa. Turudi kwa mzee, jamani.

#18 MhudumuTandahimba – Jumatano, saa 9:20 usiku

Naomba majibu ya haraka. Tumempima sasa hivi: 3.4. Yuko macho, jasho jingi, mikono inatetemeka, anajibu maswali.

#19 NesiKaskazi – saa 9:24 usiku

Sukari ya kawaida vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji, anywe sasa. Hakuna sukari, soda yenye sukari nusu chupa ya mililita 300. Msimpe korosho, chapati wala maziwa kwanza, mafuta yanachelewesha. Subirini dakika 15, mpimeni tena. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudieni. Ikipanda, ale kitu cha wanga, mkate au uji.

Akilegea au asipoweza kumeza: msimtie chochote mdomoni, mlazeni ubavu, hospitali mara moja.

Glibenklamidi bado iko mwilini. Inaweza kumshusha tena leo na kesho hadi usiku. Asiachwe peke yake, apimwe kila saa moja hadi kuche. Asimeze glibenklamidi ya asubuhi. Aende hospitali alfajiri na mfuko wa dawa, daktari ndiye aamue.

#20 MhudumuTandahimba – saa 2:40 asubuhi

Saa 9:40 ilikuwa 4.6. Alikula vipande viwili vya mkate na chai. Saa 12:30 asubuhi ilikuwa 12.2. Tuko njiani kwenda hospitali. Ahsante dada Nesi.

Jambo moja: jana jioni jirani alimletea uraka, pombe ya mabibo. Alikunywa bakuli mbili na hakula ugali wake wote.

#21 Mzee wa Msimbati – saa 3:00 asubuhi

3.4 usiku, 12.2 asubuhi. Nilisema nini namba 3?

#22 Pwani ya Lindi – saa 3:25 asubuhi

Mzee wangu, umesahau vijiko vinne vya sukari, mkate na chai? Hiyo 12.2 tumempandisha wenyewe, na ilikuwa lazima. Usiku huu hauthibitishi Somogyi.

Mimi nautazama uraka. Pombe inalizuia ini kutengeneza sukari, na glibenklamidi inaendelea kuishusha. Vikikutana na mtu ambaye hakushiba, 3.4 ni bahati, ingeweza kuwa 1.8. Uraka unadanganya kwa sababu ni mtamu: ukipima saa moja baadaye unaona sukari imepanda, kushuka kunakuja usiku au kesho yake asubuhi. Nipa, iliyokenekwa, ni kali zaidi. Msimu wa mabibo huku kwetu hilo liulizwe kila kliniki, bila kumwaibisha mtu.

#23 MhudumuTandahimba – Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 12:30 jioni

Mrejesho. Walimweka chini ya uangalizi usiku mmoja. Kipimo cha figo eGFR ni 52. Glibenklamidi imeondolewa kabisa. Amepewa gliklazidi ya kuachia polepole miligramu 30, kimoja na chakula cha asubuhi, na metformini 500 asubuhi, 1000 usiku baada ya kula. Chakula cha jioni kimerudishwa saa 1. Uraka ameacha. Kopo la stripu limehamia kabatini.

Tulimpima saa 9 usiku mara moja: 9.8, na asubuhi yake 12.6. Siku tatu za mwisho asubuhi ni 10.4, 9.6, 10.1. Jana asubuhi hiyo hiyo ya 10.1, damu ya mshipani maabara ilisoma 8.9.

#24 Bint Mikindani – saa 12:52 jioni

Nafuu kubwa. 9.8 kwenda 12.6 bila kula: hiyo ni alfajiri, ndiyo niliyosema. Metformini ya usiku aipe wiki kadhaa. Angalizo la gliklazidi: ya kuachia polepole miligramu 30 inalingana na ya kawaida miligramu 80. Famasi ikikosa hiyo ikampa ya 80, asihesabu kwamba amezidishiwa. Na akipewa ya miligramu 60 asiikubali bila kuuliza. eGFR ya 52 irudiwe; ikishuka chini ya 45 dozi ya metformini huangaliwa upya, chini ya 30 huachwa. Akipata malaria ya kutapika au kuharisha sana, metformini isimame hadi ale na anywe vizuri, na siku hiyo hiyo aonwe hospitali kwa ajili ya gliklazidi.

#25 Maabara Kusini – saa 1:10 usiku

10.1 dhidi ya 8.9. Iko ndani ya asilimia 15, lakini pembezoni kabisa, na imekosea kwa juu. Stripu za dirishani hizo. Fungueni kopo jipya mlinganishe tena kabla ya kumsifu mtu kwa alfajiri yake.

#26 Chumvi ya Mtwara – saa 1:22 usiku

Na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ni ngapi? Mwenye selimundu au upungufu wa damu kipimo hicho kinaweza kudanganya, lakini kipimwe.

#27 Mzee wa Msimbati – saa 1:35 usiku

Sukari ya usiku kwa dawa hii mpya imepimwa mara ngapi? Mara moja. Sijasalimu amri.

#28 Makopa – saa 1:41 usiku

Masaa mawili baada ya chakula cha jioni, siku tatu. Tangu Jumapili ile ya kwanza naiomba namba hiyo, hadi leo haijaletwa.

#29 MhudumuTandahimba – saa 1:50 usiku

Leo wamekula saa 1 kasoro. Saa 3 kasoro niko pale na kopo jipya.